Yanjing: Tarafa ya Tibet inayoishi kwa chumvi ya Mto Mekong

KWA watu wengi, jina la Mto Mekong huleta picha ya mashamba ya mpunga ya Kambodia na Vietnam. Ni wachache wanaofahamu kwamba kabla ya kufika huko, mto huo hupita katika korongo jembamba kusini mashariki mwa Tibet, ambako wanawake wameanika maji ya chumvi juani kwa karne nyingi. Mahali hapo panaitwa Yanjing, jina la Kichina lenye maana ya visima vya chumvi. Watibeti hupaita Tsakalho, na katika barua za wamishonari wa Ulaya palijulikana kama Yerkalo.

Yanjing ni tarafa ya wilaya ya Markam, eneo la Chamdo, katika Mkoa Unaojiendesha wa Tibet nchini China. Iko karibu na mpaka wa mkoa wa Yunnan, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji wa Markam, kando ya barabara kuu nambari 214. Tibet husifika kwa nyanda za juu zenye baridi kali ambako mti ni kitu adimu, lakini Yanjing imejificha bondeni, kwenye mwinuko usiofika mita 3,000. Hali ya hewa huko ni ya joto kiasi na mvua ni haba. Shayiri, ngano, mahindi, jozi na zabibu hustawi kwenye matuta yaliyochongwa juu ya korongo. Upande wa kusini unasimama mlima Khawa Karpo wenye kimo cha mita 6,740, ambao Wabudha wa eneo zima huuheshimu kuwa mtakatifu.

Rasmi, tarafa hii imetengwa kwa jamii ya Wanaxi, ambao asili yao ni pande za Lijiang, Yunnan. Hata hivyo, wanaishi pamoja na Watibeti na wameoana nao kwa vizazi vingi, kiasi kwamba mgeni hawezi kuwatofautisha kwa mavazi wala kwa chakula.

Chumvi yenyewe hutoka chini ya ardhi. Chemchemi zenye maji ya chumvi hububujika kandokando ya mto, na wenyeji wamezijengea visima. Kwa kuwa kingo ni mwinuko mtupu na hakuna uwanja tambarare, waliamua kutengeneza uwanja wao wenyewe. Husimamisha nguzo za miti kwenye mteremko, hulaza mbao juu yake, kisha husiriba udongo laini na kuushindilia hadi uwe kama sakafu. Maji ya kisima humwagwa hapo kwa kina kidogo tu, na kazi iliyobaki hufanywa na jua pamoja na upepo wa korongoni. Majukwaa hayo yamepangana kama ngazi, na chini yake chumvi iliyopenya kwenye mbao huning'inia kama vidole vyeupe.

Kazi hii ni ya wanawake. Zamani walishuka hadi kisimani na kupanda tena na ndoo za mbao zilizojaa, safari baada ya safari, kutwa nzima. Siku hizi pampu za umeme zimewapunguzia mzigo huo. Wanaume walikuwa wasafirishaji: walipakia chumvi kwenye nyumbu na kuondoka kwa wiki kadhaa. Msimu mzuri ni kati ya Machi na Mei, wakati upepo una nguvu. Mvua za kiangazi zinapowadia, mto hufurika na kufunika visima, na kazi husimama.

Ukingo wa mashariki hutoa chumvi nyeupe, na ule wa magharibi hutoa nyekundu. Tofauti hiyo haitokani na maji bali na udongo mwekundu unaotumika kusiriba majukwaa ya ng'ambo. Chumvi nyekundu hupendwa kwa chai ya siagi na kwa kulisha mifugo.

Mali ya namna hiyo haikosi wagombeaji. Masimulizi ya kishujaa ya mfalme Gesar, yanayoimbwa kote Tibet, yana sura nzima kuhusu vita vya chumvi kati ya ufalme wa Ling na ule wa Jang, na wenyeji husema vita hivyo vilipiganwa kwao. Yanjing pia ilikuwa kituo cha njia ya misafara iliyopeleka chai ya Yunnan Tibet na kurudisha farasi. Baada ya uasi wa Batang wa mwaka 1905, jenerali Zhao Erfeng wa utawala wa Qing aliingia eneo hilo kwa mabavu, na ushuru wa chumvi ukawa miongoni mwa mambo aliyoyashughulikia.

Wamishonari Wakatoliki kutoka Ufaransa walikuwa wamefika mapema, mwaka 1865, wakanunua ardhi na kujenga kanisa. Ndio walioleta zabibu na ufundi wa divai. Uhusiano wao na makao ya watawa wa Kibudha ulikuwa mgumu. Padri wao wa mwisho, Maurice Tornay wa Uswisi, alifukuzwa mwaka 1946. Mnamo Agosti 1949 aliuawa njiani baada ya kuzuiwa kufika Lhasa, alikokusudia kutetea waumini wake. Papa John Paul II alimtangaza mwenye heri mwaka 1993. Kanisa la Yanjing limesalia kuwa la pekee la Kikatoliki linaloendesha ibada katika mkoa huo, na Misa husomwa kwa Kitibeti. Si ajabu kukuta nyumba moja yenye Mbudha na Mkatoliki.

Swali linalowakabili wenyeji leo ni la riziki. Kuanzia miaka ya 1990, serikali ya China ilihimiza matumizi ya chumvi yenye madini ya iodini, ambayo hutoka viwandani kwa bei nafuu, na hivyo soko la chumvi ya Yanjing likapungua. Barabara ya lami nayo iliwaondolea wanaume kazi ya misafara. Familia nyingi sasa hutegemea pia divai, uyoga wa matsutake wa msituni, na kuvu ya thamani inayoota juu ya mwili wa kiwavi milimani, ambayo huuzwa kama dawa.

Mwaka 2008 serikali iliuweka ufundi huu katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni, na watalii wakaongezeka. Hofu nyingine hutoka mtoni. Tangu bwawa la Manwan lianze kuzalisha umeme mwaka 1993, mabwawa yameendelea kupanda kuelekea chanzo cha Mekong, na mpango wa bwawa la Gushui, upande wa Yunnan, ulizua mjadala kuhusu iwapo maji yake yangefunika visima. Wakati huohuo, wanawake wa Yanjing wanaendelea kusiriba majukwaa yao kila msimu, na sehemu ya mavuno huuzwa ikiwa kwenye mifuko midogo kwa wasafiri wa barabara ya 214.