Hongo, Kibali na Usukani: Motokaa Ndogo Katika Njia ya Ulyankulu

Mtu asafiriye leo kutoka Tabora kwenda Ulyankulu, akauacha mji nyuma na kuingia miomboni, hukutana na motokaa ndogo za Kijapani, fupi kwa nyuma, zenye mlango mmoja mpana wa nyuma ufunguliwao kwa kuinuliwa juu. Ndani yake mna abiria watano, na mara nyingi zaidi ya watano. Nyuma ya viti mna gunia, ndoo na kuku waliofungwa miguu. Motokaa hizo hazikuundwa kwa ajili ya njia kama hii. Toyota Vitz ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, na IST mwaka 2002, zote mbili zikikusudiwa barabara za lami na maegesho finyu ya mijini. Nafasi iliyopo kati ya tumbo lake na ardhi haitimii shubiri moja. Hata hivyo zimefika Ulyankulu, na kufika kwake huko kunastahili kuandikiwa historia, maana katika nchi ile swali la nani apite njiani, na kwa idhini ya nani, limepata kumwaga damu.

Ulyankulu na Uyowa zilikuwa nchi mbili ndogo za Wanyamwezi kabla Mirambo hajaziunganisha na kuzifanya kiini cha dola ya Urambo. Njia kuu iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, mahali pa Tabora, na hapo ikagawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Aliyeishika nchi iliyo magharibi ya Tabora aliishika biashara kooni. Mirambo alilijua hilo vyema. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora wakamwendea kwa vita, Stanley akiwa miongoni mwao, wakashindwa. Kisha Mirambo akaushambulia mji wenyewe, Khamis bin Abdallah akauawa, na Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini ndipo amfikie Livingstone huko Ujiji.

Waandishi wengi wa Kizungu wa zama zile walimwita mnyang'anyi, na jina hilo likarudiwa pasipo kuchunguzwa. Hukumu hiyo haina haki. Hongo aliyoidai mtemi ilikuwa kodi ya njia: alipokea nguo, ushanga na waya, naye akawajibika kuona kwamba msafara unapita salama na kupata maji na chakula. Waliolalamikia hongo kwa sauti kubwa walikuwa wale wale waliotaka kuipata njia bure. Leo neno hongo lina maana ya rushwa tu. Watemi walipopokonywa mamlaka yao, hata haki yao ya kale iligeuka katika lugha ikawa jina la uovu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani ratili 70, ambazo ni kama kilo 32. Gunia moja la mahindi la kilo 100, ambalo leo hutupwa nyuma ya motokaa pasipo mtu kulifikiria, lingewataka wapagazi watatu. Burton na Speke, mwaka 1857, walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh. Si kwamba hakuna aliyewaza gurudumu. Roger Price wa Jumuiya ya Misheni ya London alijaribu magari ya ng'ombe mwaka 1876 katika njia ya Sadani na Mpwapwa, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta tembo wanne wa Kihindi wabebe mizigo. Carter, aliyekuwa mkuu wao, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 katika mapigano na watu wa Mirambo na wa Simba. Baada ya yote hayo, bega la Mnyamwezi ndilo lililobaki. Hata motokaa ilipokuja haikumwondoa mara moja. Paul Graetz, afisa wa Kijerumani, alitoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, akawa mtu wa kwanza kulivuka bara la Afrika kwa motokaa. Lakini petroli yake ilitangulizwa mbele kwa wapagazi.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipita kusini, kwa Urambo na Kaliua, ikaiacha Ulyankulu porini. Njia iliyokuwa ikipiganiwa ikawa njia ya wachungaji, warina asali na wawindaji.

Historia ya pili ya Ulyankulu ilianza mwaka 1972, Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka ule. Serikali ya Tanzania iliwafungulia makazi Ulyankulu na Katumba, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo, ambako maelfu walihamishwa kutoka Ulyankulu kwa sababu maji na ardhi havikuwatosha. Waliobaki walifyeka miombo, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, wakalipa kodi, wakazaa na kuzika huko. Ukarimu huo wa Tanzania umesifiwa sana, na kwa haki. Lakini ulikuwa na mpaka wake: mkimbizi hakuruhusiwa kutoka makazini pasipo kibali. Aliyetaka kwenda Tabora kumwona mgonjwa, au kuuza debe la maharage, ilimpasa kwanza aombe karatasi ofisini, yenye siku ya kutoka na siku ya kurudi. Tofauti ya kibali na hongo ni hii, kwamba hongo ililipwa na mgeni apitaye, na kibali kiliombwa na mwenyeji asiyekubaliwa kuwa mwenyeji.

Mwaka 2007 wakimbizi hao wa 1972 waliulizwa kama wangependa kurudi Burundi au kuomba uraia, na wengi sana walichagua uraia. Wakakubaliwa, kisha wakaambiwa kwamba ili wapate hati zao lazima makazi yavunjwe nao wahamishiwe mikoa mingine. Miaka kadhaa ikapita hivyo, watu wasiwe wakimbizi kamili wala raia kamili, wasijue kama wajenge nyumba ya matofali au wasubiri. Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kugawa hati za uraia, kwa zaidi ya watu 162,000, na ikaamuliwa kwamba waweza kukaa walipo.

Ndipo motokaa ndogo yapata maana yake. Mkulima anunuaye IST iliyokwisha kutumika Japani miaka kumi na zaidi hanunui fahari. Wapo mijini wanaoidhihaki motokaa hiyo kwa udogo wake. Huko Ulyankulu dhihaka hiyo haina wasikilizaji. Injini yake ya sentimita 1300 za ujazo hainywi petroli sana, vipuri vyake vyapatikana Tabora, na fundi aliyezoea moja amezizoea zote. Springi huongezewa vipande ili tumbo linyanyuke. Shokapu hufa mapema. Vumbi jekundu huingia penye kila ufa. Kila anayeishika anaushika usukani, neno lililotoka katika jahazi, la gari lililopewa jina lake na Wahindi, naye huitwa dereva kwa Kiingereza kilichosagwa na ulimi wa Kiswahili.

Wakati wa masika mbuga za udongo mweusi hujaa maji. Motokaa huzama hadi milangoni. Abiria hushuka, huvua viatu, na kila mmoja hujitwika mzigo wake kichwani akatangulia ng'ambo. Vijana wa kijiji cha karibu hukaa kivulini wakingoja, nao hawaisukumi kabla hawajapatana bei. Dereva hulipa. Abiria, wakiwa wamesimama kwenye tope, hunung'unika kwamba wanatozwa hongo.