Malazi ya Mwanafunzi Mgeni katika Kilwa ya Kale



 Hapa Kikole na katika vijiji vyote vya Kilwa, mtoto anapoletwa chuoni kutoka mbali, swali la kwanza si atasoma kitabu gani, bali atalala wapi na nani atamlisha. Swali hili ni kongwe. Masahaba wasiokuwa na nyumba wala jamaa Madina walilala Suffa, kibarazani pa Msikiti wa Mtume, na miongoni mwao alikuwa Abu Hurayra, ambaye hakuna sahaba aliyepokea hadithi nyingi kumshinda.

Katika pwani yetu habari iliyo wazi mno ni ya Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja, Moroko. Mwaka 1331 alishuka Mogadishu, akapokewa na kadhi pamoja na wanafunzi wake. Sultani akaamuru alazwe katika nyumba ya wanafunzi, iliyotengwa makhsusi kwa ajili yao na kutandikwa ipasavyo. Akaletewa chakula mara tatu kwa siku: wali wa samli wenye vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, akaletewa nguo za kuendea msikitini. Mtu aliyekwisha kuzunguka nchi nyingi hakuisahau sinia ile hata uzeeni!

Kisha akafika Kilwa. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa. Tarehe ya Kilwa inasimulia kwamba kabla ya kutawala aliishi Aden miaka miwili akitafuta elimu, kisha akahiji. Basi alikwisha kuwa mwanafunzi ugenini, na sisi twadhani ukarimu wake ulianzia huko. Masharifu walimjia kutoka Iraki na Hijazi, naye aliwawekea fungu lao la ngawira katika hazina ya peke yake. Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri wa Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, tena papo hapo. Sultani akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavua, akampa.

Lakini hatuwezi kuyasimulia haya tukayanyamazia mengine. Ngawira ile ilitokana na mashambulizi juu ya watu wa bara. Nguo za fakiri zilikombolewa na mwana wa Sultani kwa watumwa kumi, na Sultani akaongeza kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mgeni alikirimiwa kwa watu waliotekwa, na pwani hii iliendelea kuuza wanadamu hadi karne ya 19.

Tena tazameni tofauti ya miji hii miwili. Mogadishu palikuwa na nyumba. Mwanafunzi alijua mlango wa kubisha. Kilwa, kwa yale tuliyosimuliwa, palikuwa na mkono wa mtu mmoja, ingawa kasri ya Husuni Kubwa, inayonasibishwa na Sultani huyo, ina vyumba zaidi ya mia. Al-Hasan alipofariki akatawala nduguye Daud. Mwombaji alipomjia, Daud alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha wakapewa kidogo, mpaka wakaacha kabisa kuujia mlango wake.