Ambari, Kaharabu na Tasbihi ya Babu

Baba mdogo alipokuja Mabatini tugawane vitu vya marehemu babu, alitaka kimoja tu: tasbihi ya rangi ya asali. Alikuwa ameshaiuliza simu yake. Kwa Kiingereza ni "amber", kwa Kiswahili ni ambari, na bei yake inatisha. "Hii ni ambari, mwanangu. Nyie hamjui mlichokalia." Mimi nikakumbuka kwamba babu, mtu wa Bagamoyo aliyeletwa Mwanza na kazi ya reli, alikuwa akiiita sandarusi. Sasa nani mkweli?

Tuanze na ambari. Neno tumelipata kwa Waarabu, kwao ni anbar, na halihusiani na jiwe lolote la njano. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, yule mkubwa mwenye meno anayekula ngisi. Huelea baharini muda mrefu, ikaokotwa ufukweni na kutiwa kwenye manukato. Al-Masudi, aliyesafiri kutoka Kanbalu kwenda Oman mwaka 916 hivi, aliisifu ambari ya pwani ya Zanji kuwa ndiyo bora.

Wazungu nao walilichukua neno hilohilo kwa Waarabu, kwanza kwa maana hiyohiyo ya nyangumi. Baadaye wakalibandika pia kwenye utomvu wa kale uliogeuka jiwe, ule unaookotwa kwenye fukwe za Baltiki. Wafaransa ikabidi watofautishe: ambari ya kijivu, ambari ya njano. Waingereza mwishowe wakaiachia ya njano neno tupu. Kwa hiyo aliyehama maana ni Mwingereza. Sisi tumebaki na nyangumi wetu, na simu ya baba mdogo haikulijua hilo.

Jiwe la njano kwa Kiswahili ni kaharabu. Hilo ni la Kiajemi: kah ni nyasi kavu, ruba ni mwenye kupora. Lisugue kwenye nguo uone linavyonyanyua vijiti vya majani. Wagiriki waliliita elektron, na mwaka 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, akalitumia jina hilo kuunda neno la Kilatini ambalo ndilo mzizi wa jina la umeme Ulaya. Kwa Waarabu wa leo kahraba ndiyo umeme wenyewe. Sisi tulichukua jina la kimulimuli cha radi. (Ninapoandika haya umeme wa Mabatini umekatika, na tasbihi haisaidii.)

Inabaki sandarusi, ambayo ndiyo historia yetu hasa. Ni utomvu wa msandarusi, na ulio bora ulichimbwa ardhini kule Mrima, mahali pengine miti yenyewe ikiwa imekwisha kufa zamani. Uliuzwa Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliufuata pamoja na pembe za ndovu. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba na Seyyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika Unguja kuwa konseli wao wa kwanza. Walileta kitambaa cha pamba, tukakiita merikani. Wakaondoka na sandarusi, ikayeyushwa kuwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Waliochimba kwa jembe majina yao hayamo kwenye daftari lolote nililosoma.

Sandarusi na kaharabu hufanana sana, ila sandarusi ni changa, haijakaa ardhini mamilioni ya miaka. Ndiyo maana kuna jaribio rahisi. Shangazi akaleta dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kaharabu haiijali, sandarusi hulainika. Tukatia tone kwenye punje iliyo karibu na kishada, baba mdogo akaibonyeza kwa kidole.

Kikanata.

Alikaa kimya kidogo, akaenda kunawa. "Basi kaa nayo wewe," akaniambia. Punje ile hadi leo ina alama ya kidole chake.