Hakukanyaga Dawa

Leo siongelei mihogo wala mchele wa Ruzizi. Naongelea mguu.

Mwenzangu mmoja, mbeba mizigo wa Kalundu, hata miaka 35 hajafikisha, alianza kusimama-simama njiani: nyama ya mguu inabana, akipumzika inaachilia. Baadaye kidole kikawa cheusi. Mtaani tukasema: "Walimukanyagisha dawa." Hata mimi na lisensi yangu niliamini. Sigara yake, pakiti nzima kila siku, hakuna mwenye aliiuliza.

Kumbe ugonjwa huo una historia ndefu. Mwaka 1879 von Winiwarter, wa Austria, alichunguza mguu uliokatwa akakuta mishipa ya damu imeziba. Mwaka 1908 Leo Buerger, New York, alichunguza miguu mingine iliyokatwa, na jina lake likabaki kwa ugonjwa. Mwaka uleule wa 1879, kule Edinburgh, mwanafunzi tu, Anderson Stuart, aliona mguu ambao mshipa wake umepita vibaya nyuma ya goti. Hilo nalo hubana vijana wa mpira, hata wasiovuta.

Tazama vizuri: wote watatu waliona baada ya mguu kukatwa. Shida ilikuwa hapo.

Radio ya Röntgen, 1895, ilionyesha mifupa, si damu. Ikabidi kuingiza dawa ya kuonekana ndani ya mshipa. Reynaldo dos Santos alifanya hivyo Lisbon mwaka 1929, sindano ikipitia mgongoni. Mwaka 1953 Seldinger, wa Sweden, akaleta njia ya waya na mrija, na hatari ikapungua. Sasa picha ikasema: kwa ugonjwa wa Buerger, mishipa ya juu iko safi, ya chini ya goti imekatika, na vimishipa vidogo vimejisokota kama skurubu. Leo ekografi ya Dopla inafuata damu bila sindano. Hata kupima presha ya kifundo na kuilinganisha na ya mkono kunaanza kusema ukweli.

Lakini picha haiponyi. Dawa kubwa ni kuacha tumbaku kabisa, si kupunguza.

Mwenzangu alikatwa vidole viwili. Miezi ile tuliyomtafuta mchawi, jani lilikuwa mfukoni mwake. Mimi, mtu wa kilimo, ningelijua jani hilo wa kwanza. Kijana akikwambia mguu unabana akitembea, muulize sigara, kisha umpeleke kwa munganga mapema.