Elspeth Huxley na Suala la Ardhi: Usomaji kutoka Kericho

Elspeth Huxley (1907–1997), mwandishi wa riwaya aliyezaliwa London na kulelewa Thika, alichapisha White Man's Country, wasifu wa Lord Delamere unaotetea ulowezi, mwaka 1935. Mwaka mmoja kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuwahamishia Gwassi watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho, ambako makampuni ya Uingereza yalikwisha kupanda chai katika ardhi ya Wakipsigis. Katika Red Strangers (1939), Huxley alijaribu kuutazama ukoloni kwa macho ya Wagikuyu. Hata hivyo, The Flame Trees of Thika (1959) inarejea kwenye macho ya mtoto wa mlowezi. Mtoto hadaiwi maelezo kuhusu ardhi, mwandishi anadaiwa. Kwa msomaji wa Kericho na Bomet, uhakiki huanzia hapo.