Nani Anaisimamia Serikali? Bunge Letu tangu Ukumbi wa Karimjee

Katika somo la uraia mwalimu hutufundisha kwamba dola ina mihimili mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, na kwamba Bunge lina kazi ya kutunga sheria na kuisimamia Serikali. Mwanafunzi huyaandika maneno hayo, huyakariri, hupata alama zake, basi. Lakini watu mia kadhaa waliokaa ukumbini humsimamiaje mwenye polisi, hazina na magari? Jibu halimo katika kitabu cha Katiba peke yake. Limo pia katika historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika mitaa tunayoijua sote, baina ya Kariakoo na bahari.

Asili ya Bunge letu ni Baraza la Kutunga Sheria lililoanzishwa mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Mbali na Gavana mwenyewe, Baraza lilikuwa na wajumbe 20. Kati yao 13 walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, na 7 tu walitoka nje ya serikali: Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwamo hata mmoja mpaka mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia. Ilipopigwa kura, matokeo yalijulikana kabla ya mikono kuhesabiwa. Mwalimu Nyerere aliteuliwa kuwa mjumbe mwaka 1957, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo akajiuzulu, kwa kuwa aliona hoja zake hazisikilizwi. Hilo ndilo somo la kwanza: baraza lililojaa watumishi wa mtu haliwezi kumsimamia mtu huyo.

Wakati huo huo chombo kingine kilikuwa kikikua pembeni mwa soko la Kariakoo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba moja ya mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 chama hicho kilipata viti 70 kati ya 71. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, Bunge liliendelea kukutana katika Ukumbi wa Karimjee, jirani na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa ukoo ule ule uliolipa jengo jina lake, na baadaye akafuata Chifu Adam Sapi Mkwawa. Hivyo nyumba tatu kubwa za siasa, yaani Ikulu, Karimjee na Lumumba, zilikuwa ndani ya mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Kwa miaka thelathini swali la nani amsimamie nani lilikuwa swali la uhusiano wa nyumba hizo tatu.

Mwaka 1965 nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria. Wengi walidhani kwamba uchaguzi ungekuwa mchezo tu. Haikuwa hivyo. Katika majimbo mengi TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wananchi wakachagua kweli kweli. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa, na hakuwa peke yake miongoni mwa wakubwa. Maana yake ni kwamba waziri hakuweza kusahau jimbo lake. Wananchi walimwajibisha kwa kura, ijapokuwa ni mara moja tu katika miaka mitano.

Lakini Katiba hiyo ya muda ya mwaka 1965 ilikuwa na fundo lake. Mbunge alitakiwa kuwa mwanachama wa TANU, na akikosa uanachama alikosa pia kiti. Mwaka 1968 fundo hilo lilikazwa. Katika Bunge la mwaka huo baadhi ya wabunge walisema waziwazi kwamba Bunge ndilo liwe juu, wala si vikao vya chama. Mwezi Oktoba Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza chamani wanachama kadhaa, miongoni mwao wabunge, akiwamo Joseph Kasella-Bantu, kwa madai ya kwenda kinyume na imani ya chama. Viti vyao vikaondoka siku hiyo hiyo. Hawakushindwa kwa kura jimboni wala hawakushindwa kwa hoja ukumbini Karimjee. Uamuzi ulitoka katika chumba kingine kabisa.

Hata hivyo, tusidhani kwamba Bunge la chama kimoja lilikuwa kundi la waitikiaji. Mwaka 1973 wabunge waliukataa Muswada wa Kodi ya Mapato ulioletwa na Serikali. Lilikuwa jambo la kushtua. Muswada ulirudishwa na ukapita mwaka huo huo, lakini Serikali ilikuwa imejifunza kwamba mfuko wa mwananchi una watetezi wake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, Katiba ilibadilishwa ili kuthibitisha kwamba Chama kimeshika hatamu, na sauti ya Bunge ikafifia kwa muda. Mabadiliko ya mwaka 1984 yalilirudishia Bunge nguvu kiasi na kuingiza haki za raia katika Katiba.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini pambano kubwa la kwanza halikuletwa na upinzani. Mwezi Agosti 1993 wabunge 55 wa CCM walileta hoja ya kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Bunge likaipitisha. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa ameng'atuka, aliipinga kwa nguvu zote, na mwaka 1994 jambo hilo likaachwa. Msomaji anaweza kukubaliana na Mwalimu juu ya Muungano, na wengi tunakubaliana naye, lakini aone pia njia iliyotumika: azimio la Bunge lilitenguka baada ya uzito wa Chama kuingia.

Katikati ya miaka ya 1990 Bunge lilihamia Dodoma, na huko ndiko lilikoonyesha meno yake yote. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya umeme. Wenzetu wa Kariakoo wanaukumbuka mgao ule: cherehani zimelala, vinyozi wamekaa nje ya maduka yao. Serikali iliingia mkataba wa megawati 100 na kampuni ya Richmond, na umeme wenyewe haukuja kwa wakati. Mwezi Novemba 2007 Bunge, chini ya Spika Samuel Sitta, liliunda Kamati Teule ya watu watano ikiongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe. Kamati iliita mashahidi na kupekua nyaraka. Taarifa ilisomwa bungeni tarehe 6 Februari 2008. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Mwakyembe na Sitta walikuwa wana-CCM, kama walivyokuwa wale waliojiuzulu. Basi si kweli kwamba mtu wa chama tawala hawezi kuikagua Serikali ya chama chake. Anaweza, ikiwa Spika anamlinda na taarifa inasomwa mbele ya wananchi.

Ndugu zangu vijana, tazameni zana zenyewe. Mbunge ana haki ya kuuliza swali na kujibiwa na waziri. Bunge hupitisha bajeti, ingawa likiikataa Rais anaweza kulivunja. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupeleka taarifa kwa Rais, naye lazima aifikishe Bungeni, kisha Kamati ya Hesabu za Serikali huwaita maofisa wajieleze. Bunge laweza pia kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Mwaka 2012 saini tu za kutaka kura hiyo zilipokusanywa, kufuatia taarifa ya Mkaguzi, mawaziri sita waliachwa katika Baraza jipya.

Zana hizo zinamgusa mchuuzi wa nyanya. Shirika la Masoko ya Kariakoo liliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974, kabla ya kufunguliwa lile jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli. Kwa hiyo ushuru wa kizimba ni fedha ya umma, na hesabu zake zina mkaguzi. Usimamizi usipofanya kazi mapema, mambo hutokea barabarani. Mwezi Mei 2023, Bunge likiwa kwenye kikao cha bajeti Dodoma, wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya malalamiko juu ya kodi na kamatakamata. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Mnazi Mmoja, akakaa na kuwasikiliza mmoja mmoja. Yalikuwa maswali na majibu ya Bunge yakifanyika uwanjani. Ni vizuri kwamba alikuja. Ingekuwa vizuri zaidi kama maduka yasingelazimika kufungwa kwanza.

Lile fundo la mwaka 1965 bado lipo. Katiba ya sasa inasema kwamba mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini hupoteza kiti. Wanaoitetea kanuni hiyo wana hoja: mpiga kura alichagua chama pamoja na mtu, na bila nidhamu wabunge wangenunuliwa kama mitumba. Hoja hiyo si ndogo. Lakini yule anayeweza kumnyang'anya mbunge kiti mara nyingi ni rafiki wa yule anayeulizwa swali, na mtu hamkaripii mwenye kushika riziki yake. Mkaguzi Mkuu, Profesa Mussa Assad, alisema Bunge ni dhaifu, na mwaka 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Heri lingemjibu kwa kuziita hesabu mezani.

Tangu maofisa 13 wa Gavana hadi leo, zana hazikukosekana sana. Kilichokosekana mara kwa mara ni usalama wa mwenye kuzishika. Baadhi yenu mtakuwa wabunge, wengine mawaziri, wakaguzi, waandishi na wenye maduka. Mkiwa wabunge, ulizeni. Mkiwa mawaziri, jibuni bila kumtafuta aliyeuliza. Na sisi tuliobaki tusome taarifa za Mkaguzi zinapotolewa kila mwaka, kisha tumwulize mbunge wetu alisema nini siku zilipojadiliwa.