Dola Mbili za Rufiji

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wadadisi walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, Tanzania, wakiuliza kama kuna mtu aliyefariki siku za karibuni. Kama yupo, mama au bibi aliombwa asimulie. Homa ilianza lini? Mtoto alishikwa na degedege? Aliharisha siku ngapi? Wengi walikuwa wamefia nyumbani, na vifo vyao havikuandikwa katika daftari la hospitali yoyote.

Majibu ya Morogoro yalipojumlishwa, bajeti iliumbuka. Malaria ilibeba asilimia 30 ya mzigo wa magonjwa wilayani, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Kifua kikuu, kilichobeba chini ya asilimia 4, kilipata 22. Si kwamba madaktari wa wilaya hawakujua kazi. Programu ya kifua kikuu ilikuwa na wafadhili wake na fungu lake. Kuhara kwa watoto hakukuwa na mfadhili wa kukusemea.

Hiyo ndiyo gharama ya misaada isiyoonekana kwenye hesabu. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kuonya kwamba zawadi na mikopo inaweza kuhatarisha uhuru wa taifa, na watu wengi huielewa hatari hiyo kama ya siasa za mataifa makubwa. Katika zahanati ilikuwa na sura ya sanduku. Tangu katikati ya miaka ya 1980, Denmark ililipia dawa muhimu zilizofungwa katika masanduku yaliyofanana, zahanati ya nyanda za baridi na ya bonde lenye mbu zikipokea mgawo wa aina moja. Masanduku hayo yaliokoa watu wengi wakati nchi haikuwa na fedha za kigeni, na sitayabeza. Lakini hayakumuuliza mganga wa zahanati anahitaji nini.

Mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya ya Tanzania na kituo cha utafiti cha Canada kiitwacho IDRC, ulijaribu njia nyingine. Wilaya zote mbili ziliambiwa zinaweza kupata hadi dola 2 zaidi kwa kila mkazi kwa mwaka, mradi matumizi yafuate takwimu za vifo. Wakati huo matumizi yote ya afya yalikuwa kama dola 8 kwa mtu. Wilaya ziliweza kutumia takriban senti 80 tu za nyongeza hiyo kwa kila mkazi. Zilinunua vyandarua, zikafundisha wauguzi kumchunguza mtoto mgonjwa hatua kwa hatua badala ya kutibu homa peke yake, zikaunganisha vituo kwa redio za upepo. Wanakijiji walikarabati zahanati kwa nguvu zao.

Kati ya 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga Rufiji vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai. Watafiti walipozilinganisha wilaya mbili za mradi na wilaya za Kilombero na Ulanga, walikuta vifo vya walio chini ya miaka mitano viko chini kwa asilimia 13, na gharama haikuzidi ya utaratibu wa zamani. Anayeona tofauti hiyo ni ndogo akumbuke kwamba Kilombero na Ulanga zilikuwa zimetangulia kwa vyandarua, kupitia mradi wa KINET uliofadhiliwa na Uswisi.

Akina mama je? Hapa ndipo moyo unaponiuma. Kitaifa, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 147 kwa kila 1,000 mwaka 1999 hadi 112 mwaka 2004-05. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 529 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 1996, na 578 mwaka 2004-05. Pengine havikupanda kweli, maana makadirio hayo yana mwanya mkubwa, lakini hakuna aliyeweza kudai vimeshuka. Chandarua na chanjo hununulika kwa mafungu ya wafadhili na kuhesabika katika ripoti zao. Mama anayevuja damu saa nane za usiku anahitaji muuguzi aliye zamu, damu salama, chumba cha upasuaji na gari lenye mafuta. Mjamzito wa Ikwiriri aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Utete, alipaswa kuvuka mto kwa kivuko, hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Hakuna ripoti ya afya ya uzazi iliyokuwa na safu ya kuandika daraja.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, baada ya vituo vya afya vingi kupanuliwa ili vifanye upasuaji. Fedha za nje zilichangia humo pia. Tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, tumekuwa tukihesabu mabilioni yaliyoondoka. Halmashauri zinapopanga upya bajeti zao, zianze kwa kuhesabu waliofariki, kama Rufiji ilivyofanya, na posho ya muuguzi wa zamu ya usiku isisubiri kupata mfadhili.